Mikindani ina watu wangapi?

Swali hili kuhusu mji mkongwe wa pwani ya kusini mwa Tanzania tunaletewa na wanafunzi, na wenyeviti wa mitaa, na wakati mwingine na wageni walioshuka kwenye basi wakakuta nyumba za mawe zilizobaki kuta tupu chini ya kilima. Wakitafuta wenyewe mtandaoni wanarudi na namba moja: 146,772. Namba hiyo ni sahihi, imetoka kwenye Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, ila si ya Mikindani. Ni ya Manispaa nzima ya Mtwara Mikindani, tangu ufukwe wa Shangani hadi Naliendele kwenye kituo cha utafiti wa korosho. Mji mkongwe umebakiwa na nusu ya jina la halmashauri, basi watu hudhani umebakiwa na nusu ya wakazi pia.

Zamani mambo yalikuwa kinyume. Mtwara ilikuwa kijiji, na mji ulikuwa Mikindani, kama kilomita 10 kutoka hapo ukishika barabara ya Lindi. Mkinda ni mnazi mchanga ambao haujaanza kuzaa, na wenyeji wengi hulieleza jina la mji wao kwa minazi hiyo. Ghuba yake imejikunja ndani, maji yake yametulia, na majahazi yalipata pa kujificha upepo ukichafuka. Misafara iliteremka kutoka upande wa Ziwa Nyasa, mingi ikiongozwa na Wayao, imebeba pembe za ndovu na kuswaga watumwa. Katika bandari hiyo ndipo David Livingstone alipofikia mwezi Machi 1866 kuanza safari yake ya mwisho ya bara. Mwaka 1888 watu wa pwani waliwafukuza mawakala wa kampuni ya Kijerumani, na Wajerumani hawakuurudisha mji mikononi mwao hadi Mei 1890, walipokuja na jeshi. Miaka 5 baadaye wakajenga Boma lile jeupe linaloonekana mpaka leo mlimani.

Wakazi wa Mikindani wametokana na historia hiyo yote. Kuna Wamakonde walioteremka kutoka uwanda wa juu wa Makonde, Wayao na Wamakua waliofuata biashara, Waarabu, na Wahindi walioacha milango ya nakshi na roshani za mbao. Wapo pia waliotokana na watu walioletwa pwani wakiwa wamefungwa kamba. Hao ndio kumbukumbu za mji zinawataja kidogo kuliko wote, na mimi naona ni deni tunalodaiwa sisi tunaoandika habari za mji huu.

Kilichoushusha mji ni kina cha maji. Ghuba ya Mikindani inatosha jahazi, haitoshi meli kubwa. Waingereza walipoanza mpango wao wa kulima karanga mwaka 1947, wakaichagua Nachingwea kuwa mojawapo ya sehemu za mashamba, walihitaji bandari yenye kina kirefu na reli ya kuifikia. Kina hicho kilikuwa Mtwara. Mji mpya ukapimwa na barabara pana, ofisi za serikali zikahamia huko, wenye maduka wakazifuata. Mpango wa karanga ulivunjwa mwaka 1951 kwa hasara kubwa, lakini ujenzi ulikuwa umekwenda mbali, na bandari ikafunguliwa mwaka 1954. Reli haikudumu, iling'olewa mapema katika miaka ya 1960. Leo Mtwara ina kata inayoitwa Reli, na ndani yake hakuna treni.

Kwa hiyo Mikindani haikupata janga la kuwaua au kuwatawanya watu wake. Kazi ndiyo iliyohama, na watu wakaifuata kilomita 10. Kilichokuwa makao ya wilaya kikageuka kitongoji cha mji uliozaliwa juzi. Ndiyo maana nyumba kubwa za mawe zilibaki bila wenyewe huku vibanda vya wavuvi kando yake vikiendelea kujaa watoto. Boma lenyewe lilikarabatiwa mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa msaada wa asasi ya hisani ya Uingereza, na sasa ni hoteli.

Turudi kwenye namba. Sensa ya 2012 iliikuta Manispaa na watu 108,299. Ile ya 2022 ilikuta 38,473 zaidi, yaani ongezeko la karibu asilimia 3 kwa mwaka. Mkoa mzima wa Mtwara ulitoka watu 1,270,854 hadi 1,634,947, karibu asilimia 2.5 kwa mwaka. Manispaa inakua haraka kuliko mkoa wake, lakini bado katika kila watu 100 wa mkoa ni 9 tu wanaoishi humo. Katika miaka hiyo 10 lilipita bomba la gesi kwenda Dar es Salaam, kikafunguliwa kiwanda kikubwa cha saruji nje kidogo ya mji, bandari ikapanuliwa. Wengi walitegemea mji ungefurika. Namba zinaonyesha umekua karibu sawa na nchi nzima: taifa liliongezeka kwa asilimia 3.2 kwa mwaka.

Anayetaka wakazi wa Mikindani yenyewe asiitazame namba ya Manispaa. Afungue taarifa ya sensa ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu inayoonyesha idadi ya watu kwa kata, atafute kata za upande ule, kama Magengeni, Jangwani na Mtonya, kisha azijumlishe. Akilinganisha na sensa ya nyuma, aangalie kwanza kama mipaka ya kata ni ileile. Kata ikigawanywa, kwenye karatasi itaonekana imepoteza watu, na hakuna aliyehama. Nimeona maombi ya zahanati na madarasa yakiandikwa kwa namba za namna hiyo, na anayeumia ni mama anayetembea na mtoto mgonjwa mgongoni.

Ukumbuke pia sensa zetu mbili za mwisho zilifanyika Agosti, wakati korosho hazijaanza kuuzwa. Wapakiaji na madereva wanaofika msimu ukifunguka hawamo kwenye namba hizo, ingawa maji wanakunywa yaleyale na soko wananunua lilelile.

Na wavuvi? Pale Mikindani watu huniuliza hilo kwa wasiwasi, kwa sababu karani huuliza nani alilala kwenye kaya usiku wa kuamkia siku ya sensa, nao wavuvi usiku huo walikuwa baharini. Mvuvi aliyetoka kuvua usiku huhesabiwa nyumbani kwake, sawa na mlinzi au muuguzi wa zamu. Mke wake amtaje kwa jina, na umri wake, na kwamba kazi yake ni bahari.