Je, wajua kwa nini kompyuta iliyosahau tarehe hukataliwa na tovuti?

Mawingu ya radi yakianza kutanda upande wa ziwa, mwenye saiba makini hapa Kisumu huzima kompyuta zake na kuchomoa nyaya ukutani. Anafanya vyema. Ila asubuhi, mashine iliyozeeka huenda ikawaka ikidai bado tuko miaka mingi nyuma, na kila tovuti mteja anayofungua inaleta onyo kwamba muunganisho si salama. Lawama huangukia intaneti, nayo haina kosa.

Kosa ni la kibetri cha duara kilichobanwa kwenye ubao mkuu, ule mafundi wanaouita madabodi. Mara nyingi ni CR2032: volti 3, kipenyo milimita 20. Kazi yake ni kulisha saa ya kompyuta wakati hakuna stima. Ndani ya saa hiyo mna kijiwe cha kwatsi kinachotetemeka mara 32,768 kila sekunde. Idadi hiyo ilichaguliwa makusudi: igawe kwa mbili mara 15 utabaki na 1, yaani pigo moja kwa sekunde. Kwenye mashine za zamani kibetri hicho hicho hutunza pia mipangilio ya BIOS, yaani programu ndogo inayoiamsha kompyuta, kwa mfano diski ipi isomwe kwanza.

Kompyuta ya mezani ikiwa imechomekwa, hata ikizimwa, umeme kidogo huendelea kupita na kibetri hupumzika. Ukiichomoa kila usiku, kibetri ndicho kinachofanya kazi, hivyo kitachoka mapema. Endelea kuchomoa tu; kibetri kipya ni rahisi kuliko madabodi iliyoungua kwa radi.

Sasa, tovuti inajali nini kuhusu saa yako? Tovuti salama hujitambulisha kwa cheti cha kidijitali chenye siku ya kuanza na siku ya kuisha. Kivinjari hulinganisha siku hizo na tarehe ya kompyuta yako. Mashine inayoamini ni mwaka 2009 huona cheti cha leo hakijaanza kutumika, basi inagoma. Ukaguzi huo ni kinga dhidi ya walaghai, kwa hiyo usizoee kubonyeza ili kulipita onyo. Rekebisha saa.

Kompyuta zenyewe husaidiana kwa hili. Kwa utaratibu uitwao NTP, uliobuniwa na David Mills miaka ya 1980, kompyuta yako huuliza seva ni saa ngapi, hupima muda ambao swali na jibu vimetumia njiani, kisha hujisahihisha. Lakini tofauti ikiwa kubwa mno, baadhi ya programu hukataa kuirekebisha zenyewe. Hapo weka tarehe kwa mkono kwanza, au uwashe mashine ukibonyeza F2 au Delete uingie kwenye mipangilio ya BIOS.

Na ikiwa saa inapotea kwa saa tatu kamili, usikimbilie kununua kibetri. Huenda mashine ina mifumo miwili ya kuiendesha, Windows na Linux, na kila mmoja huisoma saa ya madabodi kivyake: Windows huhifadhi saa ya Kenya, Linux huhifadhi saa ya kimataifa, nasi tuko mbele yake kwa saa tatu.