Tone moja la bureti: kwa nini pH haishuki polepole

Wanafunzi wengi huingia maabara wakiamini kwamba asidi ikimiminwa ndani ya besi, pH (kipimo cha uasidi na ubesi: 7 ni katikati, chini yake ni asidi, juu yake ni besi) hushuka kidogo kidogo kama mtu anayeteremka ngazi. Titresheni yenyewe, yaani kumimina asidi kidogo kidogo hadi imalizane na besi, huwaumbua.

Chukua mililita 25 za haidroksidi ya sodiamu yenye moli 0.1 kwa lita, zitie kwenye flaski, kisha ujaze bureti, mrija wenye vipimo na koki ya kudondoshea, kwa asidi ya haidrokloriki yenye mkolezo huohuo. Mwanzoni pH ni 13. Kila ayoni (chembe yenye chaji) ya haidrojeni inayodondoka hukutana na ayoni ya haidroksidi, zikaungana kuwa maji, huku sodiamu na kloridi zikibaki ndani ya mmumunyo, chumvi ileile ya jikoni. Ukishamimina mililita 24, yaani karibu asidi yote inayohitajika, pH imefika 11.3 tu. Likisalia tone moja kutimiza 25, pH ni 10 hivi. Likizidi tone moja, ni 4. Hapo ndipo rangi ya waridi ya fenolfthaleini, kiashiria kilichotiwa kwenye flaski, hutoweka ghafla, na mwanafunzi aliyegeuka kuongea na mwenzake huanza upya.

Sababu imo katika kipimo chenyewe. Mkemia wa Denmark, S. P. L. Sørensen, alipokibuni mwaka 1909 katika maabara ya Carlsberg jijini Copenhagen, alikijenga juu ya logi, kwa hiyo tofauti ya namba moja ya pH ni badiliko la mara 10 katika mkolezo wa ayoni za haidrojeni. Besi ikiwa bado nyingi, hata ukiipunguza nusu, pH husogea kwa 0.3 tu, ikibaki chembe, tone moja huimaliza.

Asidi dhaifu, kama ile ya siki, zina tabia nyingine. Siki ikishamalizana sawasawa na haidroksidi ya sodiamu, pH husoma karibu 8.7, wala si 7, kwa kuwa ayoni za asetati, zinazobaki kutoka asidi ya siki, huyanyang'anya maji haidrojeni kidogo na kuacha haidroksidi. Nilipoanza kufundisha niliipima siki kwa methili oranji, kiashiria ambacho hubadilika rangi kati ya pH 3.1 na 4.4, ikageuka njano kabla hata nusu ya asidi haijaisha, nikadhani siki ina asidi kidogo, nami nikaenda kumgombeza mwenye duka kwamba ameichanganya na maji.