Eti sayansi haishawishi

Nahariri tasnifu hapa Dodoma, na wiki hii nimekutana nayo tena. Pembeni mwa ukurasa msimamizi kaandika kwa wino mwekundu: "Ondoa 'nilichagua'. Sayansi haishawishi, inaeleza tu." Mwanafunzi katii. Sasa mashamba ya mtama ya Kongwa "yalichaguliwa". Na nani? Kwa nini hayo? Nikampigia simu. "Yalikuwa karibu na lami, mwalimu." Basi! Taarifa muhimu kuliko jedwali lake la tatu, na kauli ya kutendwa imeifunika ili msomaji adhani mashamba yalijichagua yenyewe. Kama huo si ushawishi, sijui ni nini.

Wanaopenda sheria hii wasome wanasayansi Watson na Crick, jarida la Nature, Aprili 1953. Sentensi ya kwanza tu wanasema wao wenyewe wanapendekeza umbo la DNA, molekuli inayobeba vinasaba. Makala yote ni kama ukurasa mmoja. Karibu na mwisho wanadokeza, kwa upole wa mgeni aliyebisha hodi, kuwa hawakukosa kuona kwamba jinsi besi, vijenzi vya DNA, zinavyoungana kwa jozi kunaashiria namna vinasaba vinavyoweza kujinakili. Hawana jaribio la kuthibitisha kunakili huko. Lakini bikoni zimeshasimikwa kiwanjani, jirani akija atakuta pana mwenyewe. Halafu mtu anifutie "huenda" akidai ni woga! "Huenda" moja mahali pake hudai mengi bila kumpa mhakiki pa kushika. Zikiwa kumi na tano kwenye aya moja, hapo sawa, futa.

Utangulizi nao hushawishi, unapotangaza "pengo" ambalo mara nyingi mwandishi kalichimba mwenyewe. Tuendelee.

Kinachonisumbua ni makala ya 1969 ya Erasto Mpemba, Mtanzania aliyeanza jambo hili akiwa mwanafunzi wa shule, na mwanafizikia Denis Osborne. Mpemba anaanza kwa kujitaja jina, anakiri ugunduzi wake ulitokana na kutumia jokofu vibaya, anasimulia maziwa ya aiskrimu aliyoyaingiza yakiwa ya moto yakaganda kabla ya yale yaliyopozwa, na mwalimu aliyemdhihaki. Majaribio ya Osborne yanafuata. Bila simulizi ile, nani angeikumbuka? Ila mwaka 2016 Burridge na Linden walipima upya, wasipate ushahidi wa maana kwamba maji ya moto hupoa upesi kuliko ya baridi. Wengine bado wanabisha. Inawezekana kabisa simulizi ndiyo iliyotubeba miaka yote hii, si vipimo, na mimi ndiye ninayewahimiza wanafunzi wasimulie. Sina jibu. Ila Mpemba alisema alifanya nini, na wanaompinga wakajua pa kuanzia kupima.