Usikivu wa pedi kwenye drams za umeme: ni nini, na unawekwaje

Usikivu wa pedi ni kipimo kinachoiambia moduli, yaani kisanduku kinachopokea pigo la pedi na kutoa sauti, pigo la nguvu fulani lihesabiwe kuwa kubwa kiasi gani. Si kiwango cha sauti. Lazima hili litangulie, maana hapo ndipo wengi wanapoharibu: sneya, ile ngoma yenye mlio mkali wa kuchakacha, ikisikika ndogo kwenye spika, mtu anaingia kwenye menyu na kupandisha usikivu, wakati alichohitaji ni kuongeza sauti ya sneya. Kweli sneya inapaza, lakini tangu hapo pigo la kugusa na pigo la kutwanga yanakaribiana mno, na uhai wa mdundo unaondoka.

Chini ya ngozi ya wavu kuna kisahani cha piezo, yaani kihisi cha mtikisiko, chembamba kama sarafu, kinachotoa umeme kidogo kila kinapotikiswa. Kwenye pedi nyingi juu yake kuna sponji yenye umbo la pia, ncha yake ikigusa ngozi kwa ndani. Fimbo ikitua, sponji inapeleka mtikisiko kwenye kisahani, moduli inapima kilele cha umeme ule na kukigeuza kuwa namba kati ya 1 na 127. Hicho ni kipimo cha MIDI, mfumo wa mawasiliano kati ya vyombo vya muziki vya umeme uliopo tangu 1983. Juu ya 127 hakuna kitu. Usikivu ukiwa juu mno, pigo la wastani tu linagonga dari hilo, na ukipiga kwa nguvu mara mbili zaidi, moduli bado inasema 127. Ukiwa chini mno, mpigaji analazimika kutwanga ili asikike, na baada ya saa moja kifundo cha mkono kinauma.

Kabla ya kugusa menyu, kagua pedi yenyewe. Aina ya pedi iliyochaguliwa kwenye moduli ifanane na pedi iliyochomekwa, kwa sababu pedi ya mpira na ya wavu hazitoi umeme sawa. Kaza ngozi kwa ufunguo wa drams, skrubu moja kisha ile inayoitazama upande wa pili, robo mzunguko kila mara, mpaka mvutano ulingane pande zote. Ngozi iliyolegea hutikisika muda mrefu, na moduli inaweza kuhesabu pigo moja kuwa mawili. Hapo hakuna namba ya menyu itakayokuokoa vizuri kama ufunguo.

Sasa fungua mipangilio ya triga, yaani ya jinsi pedi inavyosoma pigo, utafute neno Sensitivity. Kwenye moduli ya Roland TD-17, kwa mfano, namba zinaanzia 1 hadi 32. Piga kwa nguvu unayotumia kwenye wimbo mzito kabisa, si nguvu ya kuonyesha watu, huku ukitazama mstari unaopanda kwenye skrini. Shusha namba mpaka pigo kubwa lisifike juu, halafu pandisha hatua moja moja mpaka mapigo yako makali peke yake ndiyo yanayogusa kilele. Kisha iachie fimbo ianguke yenyewe kutoka sentimita tatu hivi. Isikike, ila kama mnong'ono. Ukiwa na kompyuta, unganisha moduli kwa USB na usome namba zenyewe: mapigo makali yakiwa 120 na kuendelea, ya kawaida kati ya 80 na 100, na ya kunong'ona kati ya 20 na 40, sneya hiyo inapigika.

Anza na sneya na uipe muda mwingi kuliko zote, kwa sababu ndiyo inayobeba tofauti ndogondogo za mkono. Kiki, ngoma ya besi inayopigwa kwa mguu, haihitaji uangalifu huo.

Kizingiti, kwenye skrini Threshold, ni jambo jingine: ni nguvu ndogo kabisa ambayo chini yake moduli haijibu. Kiweke sifuri, kisha pandisha kidogo kidogo mpaka pedi iache kulia yenyewe. Kanisani au ukumbini, ambako spika kubwa za besi hukaa karibu na jukwaa, mtikisiko wa sakafu unaweza kuliza kiki bila mguu wa mtu. Kipime wakati muziki unacheza kwa sauti halisi. Kikiwa juu mno, kinameza mapigo laini, na hapo mtu hudhani usikivu ndio mbovu.

Ukipiga sneya na tomu, ngoma nyingine ya seti, ikaitikia, hilo ni tatizo la mtikisiko kupita kwenye vyuma vya stendi. Kaza vibano, hakikisha pedi hazigusani, ndipo uongeze Xtalk Cancel, mpangilio wa kuzuia mwitikio huo, ya tomu, yaani pedi inayolia bila kupigwa, si ile uliyoipiga. Ukizidisha, pedi mbili zikipigwa pamoja moja itapotea.

Pigo moja likitoka mawili licha ya ngozi kukazwa, ongeza Mask Time, muda ambao pedi inanyamaza baada ya pigo. Kwa kiki inafaa sana, hasa kama nyundo ya pedali inarudi na kugusa tena. Kwa sneya kuwa mwangalifu: kwenye kasi ya biti 120 kwa dakika, mapigo nane ndani ya biti moja yanapishana kwa milisekunde 62 na nusu, hivyo mask ya milisekunde 64 itakula nusu ya mapigo hayo.

Pedi ikilia kwa nguvu katikati tu na kufifia pembeni, usikivu hautasaidia. Hiyo ni tabia ya kihisi kilichokaa katikati. Piga sentimita chache nje ya kitovu. Na kama pedi ya zamani inadai usikivu zaidi kila mwezi, fungua ngozi utazame sponji. Ikibonyea na kuacha kugusa ngozi, badilisha sponji hiyo.

Kumbuka pia kwamba kwenye TD-17 mipangilio ya triga inahusu seti zote za sauti kwa pamoja. Sneya ikiwa ndogo kwenye seti moja tu, rekebisha sauti ya seti hiyo na uache usikivu ulipo.