Umeumizwa na mabaunsa wa klabu? Usiyaamini haya

"Nilikuwa nimelewa, tena mimi ndiye niliyeanza." Mtu husema hivyo, anajifungia chumbani na nyuzi zake kichwani, na kesi inafia hapo. Hii ndiyo dhana inayoniuma zaidi. Ulevi wako haumpi mtu ruhusa ya kukuvunja taya. Baunsa anaweza kutumia nguvu ya kadiri kumtoa mteja aliyekataa kutoka, au kujikinga yeye na wengine. Ikizidi hapo ni shambulio. Ukishalazwa chini, mikono imebanwa mgongoni, teke linalofuata linamkinga nani? Ni kweli, kama ulirusha ngumi ya kwanza fidia inaweza kupunguzwa, na wewe mwenyewe unaweza kushtakiwa. Kwa hiyo mweleze wakili wako yote mapema, asije akayasikia mahakamani kutoka upande wa pili.

"Wale wana mamlaka kama ya polisi." Hapana. Kwa kawaida wanafanya kazi kwa niaba ya mwenye jengo: kukuzuia kuingia, kukutaka utoke, kukutoa ukigoma. Kuadhibu hakumo.

"Klabu haihusiki, hao ni wa kampuni ya ulinzi." Usikubali upesi. Mwajiri anaweza kubeba makosa ambayo mfanyakazi wake ameyatenda kazini. Mwaka 2003 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ilimwajibisha mwenye klabu kwa baunsa aliyemchoma mtu kisu barabarani, ingawa baunsa huyo alikuwa ameondoka kwenda kwake kukichukua. Mwenye klabu ndiye aliyemtaka awe mkali kwa wateja. Mwaka 2006 mahakama hiyohiyo iliibana klabu kwa ngumi ya baunsa aliyeletwa na kampuni nyingine, kwa kuwa klabu ndiyo iliyompangia namna ya kufanya kazi. Hukumu hizo hazizifungi nchi nyingine, lakini swali liulize popote ulipo: nani alikuwa akimpa amri?

"Pale mlangoni kuna bango, ukiingia ni juu yako." Bango halihalalishi kipigo.

"Polisi hawakumshtaki, basi yameisha." Jinai ni njia moja, madai ni nyingine. Katika nchi nyingi, kumtia mtu hatiani kunahitaji ushahidi usioacha shaka ya msingi, ilhali kwenye madai ya fidia inatosha kuonyesha kwamba maelezo yako yana uwezekano mkubwa kuliko yao. Fidia hiyo inaweza kugusa matibabu, mshahara uliokosa na maumivu yenyewe. Kama walinzi au klabu wana leseni, unaweza pia kulalamika kwa mamlaka iliyoitoa.

"Nikipona nitalishughulikia." Hapa ndipo wengi wanapoumia mara ya pili. Mitambo mingi ya kamera hufuta picha za zamani kwa kurekodi juu yake, pengine ndani ya siku chache. Andikia klabu barua mara moja uwatake wazihifadhi, ukitaja tarehe, saa na mlango, nawe ubaki na nakala. Mwone daktari siku hiyohiyo na umwambie ulivyoumia: "nilipigwa kabali nikazimia" isomeke kwenye cheti. Jipige picha leo, kisha tena siku ya tatu, maana mavilio huchelewa kujitokeza. Shati lililochanika usilifue. Chukua namba za simu za walioona.

Na wakikuletea hela kidogo na karatasi ya kusaini ukiwa bado kitandani, isome na wakili kwanza, kwani sahihi hiyo inaweza kufunga madai yako yote.