Prado ya 1KZ: linda hedi kabla gari halijachemsha

Injini ya 1KZ, ile ya dizeli ya Prado, haifi kwa uzee. Nimefungua nyingi gereji kwangu, na mara nyingi sehemu ya chini naikuta bado nzima: krenki safi, pistoni hazina shida, silinda hazijalika sana. Kilichoileta gari ni hedi, kile kipande cha juu kinachofunika silinda, iliyopasuka, na kilichoipasua ni joto, si kilometa. Joto lenyewe, kwa sehemu kubwa, mwenye gari angeweza kulizuia nyumbani kwake siku ya Jumamosi, kwa spana za kawaida na sufuria moja.

Nazungumzia Prado ya 90, hasa KZJ95, iliyoanza kutoka mwaka 1996 na injini ya dizeli ya lita 3 yenye turbo. Injini hiyo Toyota waliianza mwaka 1993, ikawekwa pia kwenye Hilux Surf, kwa hiyo mwenye Surf naye asome. Kule Japani Prado ilianza kupewa injini mpya, 1KD, mwaka 2000. Maana yake hata ile changa kabisa iliyokuja mtumba kutoka Japani, leo mipira yake na plastiki zake zimeshakula robo karne, kama hakuna aliyezibadilisha.

Kwa nini iwe hedi? Bloku, yaani mwili wa injini wenye silinda, ni chuma, hedi ni aluminiamu, na aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma kwa joto lilelile. Joto likiwa la kawaida, tofauti hiyo imeshapigiwa hesabu na gasketi iliyo kati yao inaimudu. Likizidi, hedi inataka kutanuka na boliti zimeibana, basi inapinda au inapasuka pale palipo pembamba, kati ya valvu na valvu au karibu na kile chumba kidogo ambamo dizeli huanza kuwakia. Kwenye injini hii dizeli haipuliziwi moja kwa moja juu ya pistoni. Moto unaanzia kwenye chumba hicho ndani ya hedi yenyewe. Ndiyo maana hedi ya 1KZ haina uvumilivu. Kuchemsha mara moja tu kunaweza kuimaliza.

Tatizo la pili ni mshale wa temperecha. Mshale wa Toyota umetengenezwa ukae katikati kwa nyuzi nyingi za joto, usimsumbue dereva kwa kupandapanda. Unapouona umeondoka katikati, joto limeshapanda muda mrefu. Baya zaidi, maji yakiwa yamekwisha, sensa inabaki hewani na mshale unaweza hata kushuka. Watu wameua injini huku mshale ukisema mambo ni mazuri. Kwa hiyo namshauri kila mwenye 1KZ afunge geji ya pili yenye namba na kengele, sensa yake ikae kwenye chuma cha hedi. Ni kifaa cha bei ndogo na kazi ya asubuhi moja.

Sasa maji. Rejeta haitakiwi kupewa maji ya bomba, sembuse ya kisima. Visima vingi vya Dar es Salaam na pwani vina chumvi, na chumvi ndani ya injini inakula aluminiamu, halafu inaacha ukoko kwenye vile vijia vyembamba vya rejeta. Tumia kulanti, yaani dawa ya kupoozea injini, nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa kwa mvuke, yale wanayouza ya kuongezea betri. Angalia sana chupa, kwa sababu dukani "maji ya betri" ni jina la asidi vilevile. Usinunue bila kusoma.

Wapo wanaosema kulanti ni ya nchi za baridi. Si kweli. Huku kwetu kazi yake ni kuzuia kutu na kuinua kiwango cha kuchemka. Maji matupu pwani huchemka kwenye nyuzi 100. Mbeya, karibu mita 1,700 juu ya bahari, huchemka kwenye 94 hivi. Kinachoyazuia yasichemke ndani ya rejeta ni presha, na presha inashikwa na mfuniko. Soma namba iliyochapwa juu yake, mara nyingi 0.9 au 1.1. Mfuniko mzima wa 0.9 unayapeleka maji yale ya pwani hadi karibu nyuzi 118 kabla hayajachemka. Mpira wa mfuniko ukikauka au springi ikichoka, nyuzi hizo zote umezipoteza, na hapo ndipo lori linalopanda polepole mbele yako mlima Kitonga, njia ya Iringa, linakuharibia safari. Mfuniko ni spea ya bei ndogo kuliko zote za mfumo huu. Nunua wa Toyota, wenye namba ileile.

Ukibadilisha kulanti, fanya injini ikiwa baridi kabisa. Fungua koki ya chini ya rejeta na ile ya pembeni mwa bloku, kwa sababu ukifungua ya rejeta peke yake maji mengi machafu yanabaki kwenye injini. Kinga kwenye ndoo na upime kilichotoka. Wakati wa kujaza, egesha gari pua ikiwa juu kidogo, weka hita kwenye moto hadi mwisho, mimina taratibu, kisha washa injini, mfuniko ukiwa wazi. Maji yatashuka ghafla thamostati, valvu inayofungua njia ya maji kwenda rejeta, ikifunguka, ongeza. Kama uliyorudisha ni pungufu kuliko yaliyotoka, ujue kuna hewa imenaswa mahali, na hewa ikikaa kwenye hedi ni hatari ileile ya kukosa maji.

Kuhusu thamostati, nina ugomvi na mafundi wenzangu. Gari likichemsha, neno la kwanza utakalosikia gereji nyingi ni: "Bosi, tuing'oe tu hii thamostati, nchi yetu ya joto haina kazi." Bosi anakubali, analipa, anaondoka. Thamostati ya injini hii chini yake ina sahani ya pili. Injini ikiwa baridi, sahani hiyo iko wazi na maji yanazunguka ndani kwa ndani. Injini ikipata moto, sahani ya juu inafungua njia ya rejeta na ile ya chini inaziba njia ya mkato. Ukiing'oa, njia ya mkato inabaki wazi daima. Sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta, na siku ya mzigo na mlima unakuwa umejipunguzia upoozaji mwenyewe. Asubuhi nayo injini inachelewa kupata joto, inakula dizeli na kutoa moshi.

Kuipima ni kazi ya jikoni. Itoe, isafishe, iangalie pembeni: kuna nyuzi zimechapwa. Ining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji, isiguse chini, pamoja na kipimajoto. Pasha moto taratibu. Maji yakikaribia namba ile, utaiona sahani inaanza kuachia kama unywele, halafu inafunguka wazi kadiri joto linavyopanda. Zima moto, ipoe. Lazima irudi na kuziba kabisa. Ikifunguka kwa kuchelewa, ikikwama nusu, au ikiwa imeshaachia mwanga kabla ya moto, nunua mpya na gasketi yake. Wakati wa kuirudisha kuna kivalvu kidogo kinachocheza kwenye ukingo. Kikae juu, kwani hicho ndicho kinachopitisha hewa.

Feni nayo ipimwe kwa mkono, injini ikiwa imezimwa. Klachi ya feni ina mafuta mazito ya silikoni ndani. Izungushe asubuhi ikiwa baridi, kisha baada ya safari injini ikiwa na moto: ikiwa na moto inatakiwa kuwa nzito zaidi. Ikizunguka yenyewe raha mustarehe ukishaiachia, silikoni imekwisha. Toyota wanauza mafuta hayo kwenye vityubu vidogo, na mtu mwenye utulivu anaweza kuifungua na kujaza. Asiye na utulivu anunue klachi mpya. Usifunge feni moja kwa moja kwa boliti kama ninavyoona wengine wakifanya. Inanyima injini nguvu na kuchosha mikanda.

Rejeta yenyewe iangalie kwa nje kabla ya kuilaumu kwa ndani. Kati yake na rejeta ndogo ya kiyoyozi panajaa vumbi, matope na mbegu za majani, na ukiwa umesimama mbele ya gari huoni kitu. Pulizia maji ya presha ndogo kutoka upande wa injini kwenda mbele. Presha kubwa ya kuoshea magari inalaza vile vipezi vya aluminiamu. Tanki la juu la plastiki likiwa limegeuka kahawia na lina mistari ya nyufa, badilisha rejeta nzima. Kwenye gari la otomatiki ninasisitiza zaidi, maana mafuta ya gia boksi yanapoozwa ndani ya tanki la chini. Likitoboka ndani, maji yanaingia kwenye gia boksi, na hasara inakuwa mbili.

Ukishamaliza hayo yote, pima kama hedi bado ni nzima. Asubuhi injini ikiwa baridi, fungua mfuniko, jaza maji hadi mdomoni, washa. Mapovu machache mwanzoni ni hewa iliyobaki. Mapovu yanayokuja mfululizo bila kukoma, au maji yanayorushwa nje kila ukikanyaga mafuta, ni moshi wa silinda unaopenya. Dalili nyingine: hozi ya juu inakuwa ngumu dakika chache tu baada ya kuwasha, kabla injini haijapata joto, au maji yanapungua na hakuna tone chini. Hapo weka spana chini. Hedi ni kazi ya fundi na karakana yenye mashine. Wewe dai mambo mawili: ipimwe unyoofu, na ipimwe kwa presha ndani ya maji ya moto, kwa sababu ufa mwingine haujitokezi hedi ikiwa baridi. Kubadilisha gasketi juu ya hedi ambayo haijapimwa ni kulipa mara mbili.

Na gari likichemsha njiani? Mshale ukianza kupanda, zima kiyoyozi, fungua hita hadi mwisho, punguza mguu, tafuta pa kusimama. Kama mshale haujafika kwenye mstari mwekundu na maji hayamwagiki, acha injini iendelee kuunguruma bila kukanyaga mafuta. Ikishindikana, zima. Usiguse mfuniko mpaka uweze kuishika hozi ya juu kwa kiganja bila kuungua, na usimwage maji baridi kwenye injini yenye moto.

Taimingi belti nitaipitia haraka. Ni ya kilometa 100,000, na taa ya T-BELT kwenye dashibodi huwaka kwa kuhesabu kilometa tu, haijui hali ya mkanda. Gari la mtumba ambalo huna kumbukumbu yake, badilisha mkanda na tensheni yake uanze upya hesabu. Ukikatika, valvu zinagonga pistoni. Oili kila kilometa 5,000, na maji ya chini ya filta ya dizeli uyatoe kwenye koki yake kila unapobadilisha oili.

Kuna kitu kimoja nje ya injini ambacho siwezi kukiacha, kwa kuwa hiki kinaua mtu. Ni boljointi za chini za mbele, viungo vinavyoshika tairi la mbele kwenye mkono wa chini. Kwenye Prado hii uzito wa gari haukandamizi boljointi ya chini, unaivuta. Mpira wa chuma unataka kuchomoka kwenye kikombe chake muda wote gari linapotembea. Ikilika sana inachomoka, tairi linalala chini ya bodi, na usukani hauna kazi tena.

Ipime kila unapobadilisha oili. Weka mawe nyuma ya matairi ya nyuma, jeki iwe chini ya mkono wa chini, karibu na tairi, nyanyua mpaka tairi liache ardhi, halafu weka stendi chini ya chasisi. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Ingiza nondo chini ya tairi, nyanyua na kushusha huku mwenzako akiangalia boljointi kwa tochi. Ukiona inacheza, au mpira wake wa kuzuia vumbi umechanika na grisi imekauka, ibadilishe, na ibadilishe pande zote mbili. Hapa sinunui ya bei rahisi hata siku moja. Nenda dukani na namba ya chasisi yako, iwe Kariakoo, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, udai ya Toyota pamoja na zile boliti nne mpya za kila upande zinazoifunga chini ya habu. Zikazwe kwa spana ya kupimia nguvu, na gari lipelekwe alaimenti siku hiyohiyo.