Mvua ya upepo ikikata umeme Dodoma: maswali na majibu ya usalama nyumbani

Msimu wetu tunaujua, mvua inaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba hivi mpaka Aprili, na zile za mwanzo mara nyingi zinakuja kwa fujo, vumbi linatangulia, mabati yanalia, radi, mara nguzo imeinama na mtaa mzima giza. Wengi wanawaza giza na chaji ya simu. Mimi kinachoniogopesha zaidi ni jiko la mkaa linaloingizwa ndani baada ya hapo, ndo maana naanza nalo.

Nje mvua na upepo, jiko la umeme halifanyi kazi, nikiingiza la mkaa ndani nikaacha dirisha wazi kidogo kuna shida?

Ipo, na ni kubwa. Mkaa ukiwaka unatoa hewa ya sumu inaitwa kaboni monoksaidi, haina harufu, haina rangi, haiwashi macho, kwa hiyo hakuna kitu cha kukustua. Damu inaishika hiyo hewa kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko inavyoshika oksijeni, yani unapumua kabisa lakini mwili unakosa hewa. Na hapa watu wanajidanganya sana, wanasema mkaa ukishakolea moshi umeisha basi salama. Sio kweli jamani! Mkaa mwekundu usio na moshi ndo unaendelea kutoa hiyo sumu, na dirisha la kufungua kidogo halitoshi, hasa chumba kimoja cha kupanga mnacholala wote. Pikia kwenye kibaraza chenye upenyo wa hewa, au jiko la nje, ikishindikana kuleni mkate na karanga usiku huo. Jiko la kuota moto msilale nalo kabisa, hata kama baridi imewapiga. Jenereta nayo ni hivyo hivyo, ikae nje mita 6 au zaidi kutoka mlangoni na madirishani, sio koridoni.

Nitajuaje kama imeshatuingia?

Kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, mwili unalegea, usingizi mzito. Inafanana na malaria ndo maana watu wanameza dawa wanalala, na wakilala hawaamki. Ukiona watu wawili watatu mmeanza kuumwa kichwa kwa wakati mmoja na jiko lipo ndani, tokeni nje wote haraka, mengine baadaye. Halafu hospitali, kwa sababu tiba yake ni oksijeni, maziwa hayasaidii. Mjamzito aende hata kama anajisikia nafuu, mtoto tumboni anaumia zaidi.

Mshumaa na koroboi je?

Tochi au taa ya sola ni bora mara kumi, chaji kabla mawingu hayajafunga. Ukilazimika mshumaa, uweke kwenye sahani yenye mchanga, mbali na chandarua na pazia, na usilale unawaka. Mafuta ya taa usiyaweke kwenye chupa ya soda au maji, mtoto gizani anakunywa. Akinywa usimtapishe, usimpe maziwa ili atapike, yakipanda yanaingia kwenye mapafu. Kimbiza hospitali.

Nyama na maziwa kwenye friji vitakaa muda gani?

Usifungue fungue. Friji ikibaki imefungwa inatunza ubaridi kama masaa 4, friza iliyojaa kama masaa 48, iliyojaa nusu 24. Nyama, maziwa, wali uliopikwa vikishapoteza ubaridi zaidi ya masaa 2, mwaga. Najua inauma, nyama ni hela, lakini kuchemsha upya kunaua vijidudu tu, sumu ambayo baadhi yao wameshaiacha kwenye chakula haiondoki kwa moto.

Mama mkwe ana kisukari, insulini tuiweke wapi?

Chupa anayotumia sasa hivi, kwa aina nyingi za insulini, inaweza kukaa nje ya friji kama wiki 4 ilimradi joto lisizidi nyuzi 30, ila muulize mfamasia kuhusu ya kwake. Zisizofunguliwa zinataka nyuzi 2 mpaka 8. Umeme ukichelewa, chukua chungu kikubwa, weka chungu kingine kidogo ndani yake, kati ya vyungu hivyo viwili mchanga uliolowa, insulini kwenye kile kidogo ndani ya kifuko kisichopitisha maji, funika na kitambaa kibichi, weka kivulini penye upepo. Haifiki baridi ya friji lakini inapunguza joto. Usiilaze kwenye barafu, ikiganda imeharibika. Na kama nyumbani kuna mtu anatumia mashine ya oksijeni, ongeeni na hospitali yake mapema kabla msimu haujachanganya, mjue mtamkimbizia wapi.

Mbona umeme ukikata na maji yanakata?

Maji ya visima vya Mzakwe, vinavyolisha Dodoma, yanasukumwa na pampu za umeme, kwa hiyo jaza madumu mapema. Familia ya watu 5, kila mtu lita 3 za kunywa, ni lita 15 kwa siku, dumu moja la lita 20 linabakisha kidogo tu la kupikia. Ya kunywa yachemke yakitokota dakika nzima, ufunike. Mafuriko yakifika vyooni kipindupindu hakiko mbali.

Waya umeanguka uani, naweza kuusogeza na mti?

Usithubutu, mti uliolowa unapitisha umeme. Kaa mita 10 au zaidi, zuia watoto na mbuzi, piga simu TANESCO, na kama waya huo umewasha moto piga zimamoto 114. Aliyenaswa usimshike mpaka umeme wenyewe ukatwe. Ukijikuta uko karibu nao, ondoka kwa kuburuza miguu ikiwa imebanana, usipige hatua ndefu.

Radi ikitukuta malishoni?

Sio chini ya mbuyu wala mwembe. Ingia nyumba iliyojengwa vizuri au gari lililofungwa, na usitoke mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

Umeme ukirudi?

Pasi, tivii na friji viwe vimechomolewa tangu ulipokata, acha taa moja tu. Ikitulia dakika kadhaa bila kucheza cheza ndo uchomeke, kimoja kimoja, na soketi iliyoingia maji usiiguse mpaka fundi aione.